Kuku wa kuchambua kwa watu 300: namna ya kupanga chakula cha kusanyiko bila mtu kukosa

Makanisa yetu hayakosi siku za kula pamoja. Kuna ubatizo, ndoa, semina ya vijana, mkutano wa wamama, kutawazwa kwa mchungaji, sikukuu ya mavuno, na pia matanga. Katika siku hizo zote swali moja hurudi kwenye kamati ya chakula: tununue kuku wangapi? Mara nyingi jibu hutoka kwa makisio. Mmoja anasema 30, mwingine anasema 50, mweka hazina anasema feza iliyopo, na kamati inaishia hapo. Saa ya kula ikifika, mistari ya mbele inapata mapaja, ya katikati inapata shingo na migongo, na ya mwisho inapata mchuzi mtupu.

Walio mwisho wa mstari tunawajua. Ni watoto, wajane waliokaa nyuma, ndugu waliohama vijiji vyao na wanaoona haya kusogea mbele, na wamama wenyewe waliokesha jikoni. Katika Matendo ya Mitume 6 tunasoma kwamba kanisa la kwanza liliingia katika manung'uniko kwa sababu kama hii: wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakusema kwamba ni jambo dogo la jikoni. Walitaka wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema na hekima wa kulisimamia. Kwa hiyo kuhesabu kuku ni sehemu ya huduma, na inafaa ifanywe kwa uangalifu kama tunavyohesabu sadaka.

Makala hii inaeleza njia moja ambayo kila parokia inaweza kuitumia: kupika kuku wa kuchambua, na kufanya hesabu kuanzia sahani ya mtu hadi sokoni.

Kuku wa kuchambua ni nini, na kwa nini atumike

Kuku wa kuchambua ni kuku aliyechemshwa hadi nyama ikaachana na mfupa, kisha mifupa ikatolewa, na nyama ikapasuliwa kwa vidole au kwa uma mbili kuwa nyuzi nyembamba. Nyama hiyo inarudishwa ndani ya mchuzi wa vitunguu, nyanya na mboga, inachemka tena, ndipo inagawiwa kwa kijiko kikubwa juu ya wali, bugali au viazi.

Tuseme wazi kwamba kuchambua hakuongezi nyama. Kilo 1 ya nyama hubaki kilo 1. Kinachobadilika ni mgao. Kuku aliyekatwa vipande hutoa vipande visivyo sawa: paja lina nyama nyingi, bawa lina kidogo, shingo ni mfupa karibu wote. Anayegawa analazimika kuchagua nani apate nini, na hapo ndipo sura za watu zinaanza kuangaliwa. Nyama ikishachambuliwa na kuchanganywa ndani ya mchuzi, kijiko cha mzee na kijiko cha mtoto wa mjane vinatoka katika chungu kimoja na vina kitu kile kile.

Kuna faida nyingine tatu. Kwanza, supu na mifupa hubaki jikoni na kutia ladha katika wali na mchuzi, badala ya mifupa kuzagaa chini ya viti. Pili, wazee wasio na meno na watoto wadogo wanakula bila shida wala hatari ya mfupa kooni. Tatu, mboga zinaweza kuongezwa kadiri ya feza iliyopo, na chakula kikabaki chakula cha heshima.

Hatua ya kwanza: hesabu watu kwa sehemu

Usianze na kuku, anza na watu. Na watu wasihesabiwe vichwa tu, maana mtoto wa miaka 3 na kijana wa kwaya hawali sawa. Tumia kipimo tutakachokiita sehemu:

- Mtu mzima, pamoja na vijana wa kuanzia miaka 13: sehemu 1.
- Mtoto wa miaka 5 hadi 12: nusu sehemu.
- Mtoto wa chini ya miaka 5: robo sehemu.

Idadi ipatikane kwa kazi, si kwa kukisia. Wiki mbili kabla ya siku, kila chapeli, kila kwaya na kila kikundi walete orodha yao kwa katibu. Waandike watu wazima peke yao na watoto peke yao. Kisha waongezwe wale ambao orodha huwasahau: wapishi, walinzi, watu wa protokole, wapiga vyombo, madereva waliowaleta wageni, na majirani wa kanisa. Mpishi aliyesimama motoni tangu saa 11 ya alfajiri asiambiwe atakula kitakachobaki. Jina lake liwe kwenye orodha kama la mgeni.

Baada ya kupata jumla ya sehemu, ongeza sehemu 10 kwa kila 100. Hiyo ni akiba ya wageni wasiotarajiwa. Katika eneo ambalo familia nyingi zinaishi na jamaa waliokimbia vita, au kama kusanyiko linafanyika uwanjani mbele ya barabara, ongeza 20 kwa kila 100. Kuongeza zaidi ya hapo ni kutupa feza, na kuongeza pungufu ya 10 ni kujitafutia aibu.

Hatua ya pili: amua gramu za nyama kwa sehemu moja

Hapa tunazungumza juu ya nyama iliyoiva, isiyo na mfupa. Chagua kipimo kimoja kati ya hivi vitatu, na kamati nzima ikikubali:

- Gramu 50: kama kuna sahani nyingine yenye nguvu pembeni, kama maharagi, samaki sambaza au sombe iliyopikwa na karanga.
- Gramu 70: kwa chakula cha kawaida cha semina au ubatizo, chenye wali au bugali na mboga moja.
- Gramu 100: kwa ndoa au sikukuu ambapo kuku ndiye mfalme wa meza.

Gramu 70 za nyama iliyochambuliwa zinajaza karibu ganja la mkono wa mtu mzima. Zikichanganywa na mchuzi na mboga, sahani inaonekana imejaa.

Hatua ya tatu: kutoka nyama iliyoiva hadi kuku wa sokoni

Hapa ndipo kamati nyingi zinapotea. Wananunua kilo 20 za kuku wakidhani watakula kilo 20. Lakini kuku ana mifupa, na nyama ikichemka inapoteza maji. Kwa kupanga, shika hesabu hizi:

- Kuku wa nyama, yaani wale weupe wanaofugwa ndani au wanaouzwa wazima kwenye frigo: kilo 10 za kuku aliyekwisha kusafishwa zinatoa karibu kilo 4 za nyama iliyochambuliwa. Ni sehemu 57 za gramu 70.
- Mapaja ya katoni yenye mifupa: vilevile, katoni ya kilo 10 inatoa karibu kilo 4.
- Kuku wa kijiji: ana mfupa mwingi kuliko nyama. Kilo 10 zilizosafishwa zinatoa karibu kilo 3 na nusu. Ni sehemu 50.
- Kifua kisicho na mfupa: kilo 10 zinatoa karibu kilo 7. Ni sehemu 100. Lakini bei yake iko juu, na hakitoi supu ya mifupa.

Wengi wetu tunanunua kuku wa kijiji akiwa hai, bila mizani. Kuku aliye hai wa kilo 1 na nusu, akishachinjwa, kunyonyolewa na kutolewa matumbo, anabaki karibu kilo 1. Kilo hiyo inatoa karibu gramu 350 za nyama. Kwa gramu 70, kuku mmoja ni watu wazima 5. Iandikeni ukutani jikoni: kuku mmoja wa kijiji, sehemu 5. Akiwa mdogo kuliko hapo, mhesabuni sehemu 4. Kuku mzima wa frigo wa kilo 1 na gramu 200 anatoa karibu gramu 480, yaani karibu sehemu 7.

Kwa hiyo kanuni ni moja: zidisha sehemu kwa gramu, upate kilo za nyama iliyoiva. Kisha gawanya kwa 0.4 ikiwa ni kuku wa nyama au mapaja, kwa 0.35 ikiwa ni kuku wa kijiji, na kwa 0.7 ikiwa ni kifua bila mfupa. Jibu ni kilo za kununua. Simu yoyote ina kikokotoo cha kufanya hesabu hii.

Mfano wa watu 300

Tuchukue semina yenye watu 300: watu wazima na vijana 180, watoto wa miaka 5 hadi 12 wako 80, na wadogo wako 40.

Watu wazima 180 ni sehemu 180. Watoto 80 kwa nusu ni sehemu 40. Wadogo 40 kwa robo ni sehemu 10. Jumla ni sehemu 230. Tukiongeza 10 kwa kila 100, tunapata sehemu 253.

Sehemu 253 mara gramu 70 ni kilo 17 na gramu 710. Tuseme kilo 18 za nyama iliyochambuliwa. Kuzipata tuna njia tatu:

- Kuku wazima wa frigo: kilo 45, yaani kuku 38 wa kilo 1 na gramu 200.
- Mapaja ya katoni: katoni 5 za kilo 10. Kidogo kitabaki.
- Kuku wa kijiji walio hai: 51, wenye uzito wa karibu kilo 1 na nusu kila mmoja.

Mchuzi unapangwa kwa kipimo rahisi: kwa kila kilo 1 ya nyama iliyochambuliwa, weka kilo 1 ya mboga na lita 1 ya supu. Mboga ni vitunguu, nyanya, karoti, seleri, na hata shu, yaani kabichi, iliyokatwa nyembamba. Kwa kilo 18 za nyama utapata zaidi ya lita 50 za mchuzi mzito. Kila sehemu inapata karibu mililita 200.

Kwa wali, panga gramu 125 za mchele mkavu kwa sehemu. Sehemu 253 zinahitaji karibu kilo 32, yaani gunia la kilo 25 na kilo 7 juu yake. Kila kilo ya mchele inakunywa karibu lita 2 za maji. Supu iliyobaki baada ya mchuzi isitupwe. Changanya na maji ya wali, na wali wote utakuwa na harufu ya kuku.

Feza isipotosha

Tuseme hazina imetoa feza ya kilo 30 tu, si 45. Hapa faida ya kuchambua inaonekana wazi. Kilo 30 ni kuku 25 wa frigo. Ukiwakata kila mmoja vipande 8, una vipande 200. Watu ni 300. Watu 100 watarudi nyumbani bila kuonja nyama, na unaweza kukisia ni watu gani.

Kuku hao hao 25 wakichambuliwa wanatoa kilo 12 za nyama. Kilo 12 kwa sehemu 253 ni gramu 47 kwa kila mmoja. Ni kidogo, lakini hakuna aliyekosa. Ili sahani isionekane tupu, ongeza maharagi. Kilo 1 ya maharagi makavu ikiiva inakuwa karibu kilo 2 na nusu, kwa hiyo kilo 6 za maharagi makavu zinatoa kilo 15. Hizo ni karibu gramu 60 kwa kila sehemu, na bei yake ni ndogo kuliko ya kuku waliokosekana.

Jambo moja lisifanyike: kukopa kuku sokoni kwa jina la kanisa ili sherehe ionekane kubwa. Deni la karamu linalipwa na sadaka za miezi inayofuata, na mara nyingi linakula feza iliyokusudiwa wagonjwa na yatima. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba anaketi kwanza na kuhesabu gharama. Neno hilo lilihusu gharama ya kumfuata, lakini busara yake inafaa hata jikoni.

Vyungu, watu na saa

Chungu cha lita 50 kinabeba vizuri kilo 20 za vipande vya kuku pamoja na maji yake, na nafasi ya kuchemka bila kumwagika. Kilo 45 zinahitaji vyungu 3 vya namna hiyo, au vyungu 2 kwa zamu mbili. Usikijaze chungu hadi mdomoni. Kuku wa juu hubaki mbichi wakati wa chini wanasagika.

Kuku wa frigo huiva na kuachana na mfupa kwa muda wa saa 1 hadi saa 1 na nusu tangu maji yaanze kuchemka. Kuku wa kijiji mzee anaweza kuhitaji saa 2 hadi 3. Kumbukeni pia kwamba huku kwetu milimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji huchemkia karibu nyuzi 95. Ndiyo maana nyama na maharagi vinachukua muda mrefu Bukavu kuliko Uvira, na makala yanakwenda zaidi. Pangeni makala ya akiba.

Kuchambua kunahitaji mikono. Panga kuku 4 kwa saa kwa kila mtu. Kuku 38 wakichambuliwa na watu 8 wanachukua saa 1 na dakika chache. Wakichambuliwa na watu 2 wanachukua karibu saa 5, na nyama inaharibika ikingoja. Kazi hii ifanywe nyama ikiwa bado ya moto kiasi cha kuvumilika, maana ikipoa inashikana na mfupa. Vijana na wababa wanaweza kuchambua vizuri kabisa. Si sheria kwamba wamama peke yao wabaki jikoni wakati wengine wanasikiliza mafundisho.

Kama chakula ni saa 7 ya mchana, ratiba ya kuku wa frigo ni hii:

- Saa 12 na nusu asubuhi: kuwasha moto, kukata na kuosha.
- Saa 2 na robo: kuku wanaanza kuchemka pamoja na chumvi, kitunguu, tangawizi na seleri.
- Saa 3 na dakika 45: kuku wanatolewa, kuchambua kunaanza. Pembeni, mchuzi wa vitunguu na nyanya unapikwa.
- Saa 5: nyama yote imeingia ndani ya mchuzi, inachemka tena.
- Saa 6 na nusu: mchuzi uko tayari na uko motoni, wali umeiva.
- Saa 7: mgao.

Kwa kuku wa kijiji, kila kitu kianze saa 1 na nusu au 2 mapema zaidi.

Chakula kisigeuke kuwa ugonjwa

Kusanyiko lililokula chakula kibaya linawaugua watu wengi kwa usiku mmoja. Nyama ya kuchambua ina hatari yake ya pekee, kwa sababu inaguswa na mikono mingi baada ya kuiva. Angalieni haya:

1. Usinunue kuku aliyekufa wala anayesinzia, hata akitolewa nusu bei. Kuku mgonjwa si nafuu.

2. Katoni ikaguliwe dukani. Barafu yenye damu iliyoganda chini ya katoni, vipande vilivyopoteza umbo na kushikana, au harufu, ni dalili kwamba nyama iliyeyuka ikagandishwa tena. Ikataeni.

3. Kuku aliye hai hahitaji frigo. Kama hamna umeme wa kutegemea, nunueni kuku hai siku moja kabla na muwachinje alfajiri ya siku yenyewe. Kuku wa katoni wabaki ndani ya katoni iliyofungwa na kufunikwa magunia hadi alfajiri. Kipande ambacho bado ni kigumu katikati kinaweza kupikwa, lakini kinahitaji muda wa kawaida na nusu yake tena.

4. Nyama mbichi iwe na beseni lake, kisu chake na ubao wake. Vyombo hivyo visiguse nyama iliyoiva wala saladi.

5. Ndani ya nyama, karibu na mfupa, joto linapaswa kufika nyuzi 74. Asiye na kipimo aangalie mfupa wa paja: maji yanayotoka yawe meupe, si mekundu, na nyama iachane yenyewe.

6. Wanaochambua wanawe mikono kwa sabuni na maji safi, wakate kucha, wavue pete. Mwenye kidonda mkononi, anayeharisha au anayekohoa apewe kazi nyingine. Kuna vijidudu vya ngozi na vidonda vinavyoacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiishi hata nyama ikichemshwa tena.

7. Nyama iliyoiva isikae saa zaidi ya 2 bila moto. Penye joto kali linalopita nyuzi 32, isizidi saa 1. Kwa hiyo ichambuliwe kidogo kidogo na kurudishwa motoni kila beseni likijaa.

8. Usipike Jumamosi jioni kwa ajili ya Jumapili na kuacha chungu kikubwa kimefunikwa usiku kucha. Chungu kikubwa kinapoa polepole, na katikati yake ndiyo mahali ambapo vijidudu vinaongezeka. Wali nao ni hivyo hivyo.

9. Maji ya kunywa na ya kunawa yawe yametibiwa. Miji yetu ya kando ya ziwa, kama Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, inajua kipindupindu. Wekeni bidoni ya maji yenye bomba na sabuni mahali mstari wa chakula unapoanza.

Siku ya kugawa

Kabla ya mgao, pimeni kijiko kikubwa. Chukueni chupa ya maji ya nusu lita na mjaze kijiko mara kwa mara hadi chupa iishe. Kikijaa mara 2 na nusu, kijiko hicho ni mililita 200, na kijiko kimoja ni sehemu 1. Kikijaa mara 5, kijiko ni mililita 100, basi toeni vijiko 2 kwa mtu mzima na 1 kwa mtoto. Wagawaji wote watumie vijiko vya ukubwa mmoja. Mchuzi ukorogwe kila mara hadi chini, kwa maana nyama inazama na wa kwanza watapata maji matupu.

Wekeni mistari 3 au 4, si mmoja. Katika kusanyiko la watu 300 mstari mmoja unachosha watu, na unawafundisha wenye nguvu kusukuma. Watoto, wazee, wajawazito na wagonjwa wahudumiwe kwanza. Sehemu za wapishi na walinzi zitengwe kwenye chungu chenye kifuniko kabla ya sahani ya kwanza kutoka.

Vipi kuhusu meza ya wageni? Desturi zetu zinamheshimu mgeni, na katika jamii nyingi firigisi ni yake au ya mkuu wa nyumba. Hakuna ubaya, ilimradi ihesabiwe wazi. Kamati ikitaka, itenge kuku 2 au 3 wazima kwa ajili ya wageni, waandikwe kwenye bajeti, na wasitoke ndani ya kuku wa watu wote. Lakini sisi wachungaji tungefanya vema tukipanga mstari na kula kile kile walichokula washiriki. Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto kwa sababu katika mikusanyiko yao mmoja alilewa na mwingine alibaki na njaa. Hatupendi barua hiyo iandikwe tena kwa anwani ya parokia yetu.

Baada ya karamu

Katika Injili ya Yohana 6, baada ya watu kushiba, Yesu aliagiza mabaki yakusanywe ili kitu kisipotee, na vikapu vikahesabiwa: 12. Nasi tufanye hivyo. Chakula kilichobaki motoni kigawiwe siku hiyo hiyo, kikiwa bado cha moto, kwa wagonjwa na familia zinazojulikana kuwa na uhitaji. Kilichopoa kwa saa nyingi kisipelekwe kwa maskini kwa kisingizio cha huruma.

Mwisho, katibu aandike katika daftari mambo 6: watu waliotarajiwa, watu waliokula, kuku walionunuliwa na uzito wao, nyama iliyopatikana baada ya kuchambua, kilichobaki au kilichopungua, na feza iliyotumika. Ukurasa mmoja unatosha. Kamati ijayo haitaanza tena kwa kubishana kati ya 30 na 50. Itafungua daftari, itaona kwamba mwaka huu watu wazima 180 na watoto 120 walishiba kwa kilo 45, na itatuma watu sokoni ikiwa na uhakika.